Nguo Mlangoni mwa Shimo la Nungunungu

Siku mliyoniaga walisimama wasemaji sita, na wote sita wakasema mimi nilikuwa mchapakazi. Wa nne hakujua hata jina langu; ilibidi amnong'oneze jirani yake kwanza. Baada ya soda na wali mkaniomba, ninyi vijana wa kituo, niandike kumbukumbu zangu "ili tujifunze." Haya, nimeandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akatafute faili langu kabatini, kama panya wamemwachia chochote. Mimi nitaandika mambo ambayo faili haliyajui, kwa sababu wanaoandika mafaili huwa hawaendi porini.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Bukoba nikiwa na cheti cha chuo, viatu vinavyong'aa na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili pale Igogo. Kabla sijakaa, Msukuma mmoja akaniambia, "Karibu, nshomile," na wenzake wakaangua kicheko. Kwetu neno hilo ni la mtu aliyesoma. Pale walimaanisha mtu anayejiona. Mimi nikaitika kwa furaha kama niliyevishwa taji, na wakacheka zaidi.

Vifaa nilivyokabidhiwa siku ile ni hivi: bunduki moja kuukuu, risasi tatu za kutiwa sahihi, na pampu ya baiskeli. Nikauliza baiskeli iko wapi. Wakasema itakuja. Ilikuja mwaka wa nne, na wakati huo pampu ilikuwa imeshaibiwa. Nawaeleza haya kwa sababu nawasikia mkilalamika kwamba gari la kituo halina redio.

Watu hawakutuita maofisa wa wanyamapori. Walituita mabwana nyama, na wengine waliamini kwamba kazi yetu ni kuwanyang'anya nyama ili tukale wenyewe. Siwezi kusema walikuwa wanakosea kila mara.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti chochote. Alikuwa askari wa wanyamapori wa siku nyingi, Mzee Nkwabi, mwembamba, mkali, na kwenye karatasi alikuwa chini yangu. Serikali ndivyo ilivyo, inamweka anayejua chini ya anayesoma. Alibeba mfuko wa turubai wenye futi ya fundi cherehani, sindano ya kushonea magunia, chumvi ya mawe na kisu. Chumvi ilikuwa ya kupaka ngozi zisioze kabla ya siku ya mahakama. Mahakimu wetu walipenda kuahirisha kesi, na ngozi haiahirishwi.

"Usiniambie nani kaua," alikuwa akinikatiza kila tulipokuta mzoga. "Niambie kwanza nini kimeua."

Akaniinamisha hadi pua iguse damu. Waya unakata manyoya kuizunguka shingo yote. Mbwa wanachana miguu ya nyuma. Risasi inaingia padogo na kutoka pakubwa, na aliye na bunduki mara nyingi huwa ana gari, na mwenye gari huwa ana rafiki ofisini kwako. Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye masomo ya chuo.

Kirumba, pale sokoni Mwaloni, alinionyesha kazi ambayo mpaka leo sijaiona kwa mwingine. Magunia ya dagaa na samaki wakavu yalipangwa hadi kichwani. Mzee Nkwabi akawa anapita, anatumbukiza mkono, anautoa, ananusa, anasonga mbele. Gunia la kumi au zaidi, akasimama.

"Hii nini?"

"Samaki, mzee. Sangara mkavu," akajibu mwenye mzigo.

"Sangara huyu alikuwa na miguu mingapi?"

Chini ya dagaa kulikuwa na nyama ya kiboko, imekatwa vipande na kukaushwa vizuri sana. Yule bwana akaanza kulia palepale. Mzee Nkwabi akamwambia alie taratibu kwa sababu bado tuna magunia ya kukagua. Huyo ndiye mwalimu wangu. Kuna jambo moja ambalo sikumwuliza miaka yote tuliyokuwa pamoja, na nitalieleza, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mnajua kwamba Usukuma kuna wawindaji wa nungunungu. Ni chama chao wenyewe, wana viongozi, ngoma zao na dawa zao. Nungunungu akianza kumaliza mihogo na karanga za mtu, mkulima anamwita mwindaji, naye anafuata nyayo hadi kwenye shimo, anavua nguo, anaingia ndani kwa tumbo na mkuki mfupi. Ndiyo, anaingia yeye mwenyewe, mtu mzima, kwenye shimo la mnyama mwenye miiba mwili mzima. Mimi niliona ni ushamba. Nilikuwa nimesomea tembo, faru na nyati. Nungunungu wa nini? Mzee Nkwabi alipokwenda kukaa nao kwenye ngoma zao, mimi nilibaki ofisini nikipiga mistari kwenye daftari la mahudhurio.

Zikaja zile nyakati tulizoambiwa kila kitu ni ruksa. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, viwanda vya minofu ya samaki vikaota ufukweni, na watu ambao juzi walikuwa wakisukuma mikokoteni ya sangara wakaanza kuitwa wakurugenzi. Sina wivu. Nasema tu kwamba mtu anaweza kubadilisha gari haraka kuliko akili.

Mmoja wao alikuwa Bwana Gervas. Huyu alitajirika kwa sangara, kisha akanunua ranchi ya shirika iliyokufa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka mjini, kule ardhi inakoshuka kuelekea ziwani. Ng'ombe hawakuwepo tena. Kulikuwa na josho bovu, nyumba ya meneja, mawe makubwa kama yale mnayoyaona Mwanza kote, na vichaka vilivyojaa tohe, kanga, ngiri na nungunungu. Wiki ya kwanza akakaza waya kuzunguka yote. Ya pili akasimamisha kibao: MALI BINAFSI. WANYAMA WOTE NI WA MKURUGENZI. Aliyekiandika alikosea akaweka mchoro wa twiga, ambaye hajawahi kuonekana pale tangu dunia iumbwe.

Halafu akaja ofisini kwetu. Alivaa suti ya kaunda na kofia ya mwindaji yenye utepe wa ngozi ya chui, bandia.

"Nataka orodha ya wanyama wangu," akasema.

"Wanyama gani, Bwana Gervas?"

"Wa ranchi. Nimenunua ranchi na vilivyomo."

"Vilivyomo ni nyumba, josho na waya. Wanyamapori ni wa serikali. Leo wako kwako, kesho wako kwa jirani."

"Basi serikali ije iwafunge kamba."

"Kama ni wako, wafunge wewe. Wanakula mihogo ya watu."

Akacheka sana, akanipiga begani. "Wewe Mhaya una maneno!" Akaingia kwa mkuu wangu wa kazi, mlango ukafungwa, na alipotoka mkuu alimsindikiza hadi kwenye gari. Mkuu huyo sitamtaja. Jumamosi iliyofuata alialikwa ranchi kula nyama choma, na hakuuliza nyama hiyo imepatikana kwa kibali gani, ingawa vibali vyote vya mkoa vilikuwa vinatoka kwenye meza yake.

Sheria ya wakati ule haikuwa ngumu, wanasheria ndio walioifanya ngumu. Mnyama ni wa serikali, awe porini au uani kwako. Mwenye ardhi anaweza kukataza mtu kuingia, na huwezi kuwinda kwake bila ridhaa yake. Lakini naye hawezi kuwinda bila kibali, hata mnyama akisimama mlangoni pake. Na mkulima ambaye mnyama anammalizia mazao anaruhusiwa kumwua, mradi atoe taarifa. Ni mambo manne tu hayo. Bwana Gervas alijua moja, lile la kukataza watu, na hilo alilijua sawasawa.

Nyuma ya waya, upande wa mashariki, lilikuwa shamba la Mama Kulwa, mjane, mama wa mapacha, mwanamke wa miaka sitini hivi ambaye hajawahi kukutana nami bila kunishtakia jambo. Nungunungu walilala mchana kwenye mawe ya Bwana Gervas na kula mihogo ya Mama Kulwa. Alikuja Igogo mara mbili kutoa taarifa, na taarifa zote mbili nilizipokea mimi, nikazigonga muhuri na kuziweka kwenye trei. Alimwandikia Bwana Gervas barua kwa mkono wa mwalimu wa shule. Jibu lilikuwa kwamba akae mbali na waya.

Basi akamwita mkwewe. Masunga, mume wa binti yake Shija, alikuwa mwindaji wa nungunungu anayejulikana hadi ng'ambo ya mto. Watu walimwita Baba Limi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri. Asubuhi moja pikapu ya Bwana Gervas ilikuja kunichukua ofisini. Walinzi wake walikuwa wameona nyayo za mtu zimevuka waya. Mkuu akaniambia niende nikakamate jangili. Njiani dereva akaninunulia soda, na tulipofika nikapewa nyingine, baridi, kwenye glasi. Mtu mzima, ofisa wa serikali, nikalainika kwa soda mbili.

Walinzi wanne, Bwana Gervas na mimi tulifuata nyayo hadi chini ya jiwe kubwa. Kulikuwa na shimo, mdomo wake umekwanguliwa na kucha. Mbele ya shimo kulikuwa na shati na suruali, vimekunjwa vizuri, makatambuga yamewekwa juu yake. Pembeni tawi bichi limechomekwa ardhini, limesimama wima.

Mimi niliyesoma nikapiga hesabu zangu kwa sauti. "Amesikia gari," nikasema. "Amekimbia uchi!" Walinzi wakacheka. Walinzi wenyewe walikuwa wageni, wametoka kwenye kampuni ya mjini, hawajui hata kumwamkia mtu mwangaluka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na Wasukuma miaka kumi na minne, nami nilikuwa mgeni vilevile. Nikaokota nguo, nikazifunga kuwa kielelezo. Tawi nikaling'oa kwa sababu lilikuwa linanisumbua nikiandika, nikalitupa majanini. Nikaandika kwenye daftari: mtuhumiwa alitoroka.

Bwana Gervas akaamuru, "Zibeni hilo shimo. Sitaki mtu aje tena kuiba mnyama wangu."

Wakaleta mitaimbo. Wakaviringisha mawe matatu, yale ambayo mtu mmoja hayasogezi, wakayapanga mdomoni kama mlango. Nami nilisimama hapo nikawaelekeza, eti, hilo la kushoto liingie ndani zaidi. Sauti yangu ni kubwa, mnaijua.

Tukarudi kwenye nyumba ya meneja. Tukaletewa ugali na nyama. Nilijua ni tohe tangu kipande cha kwanza, na nikala mpaka cha mwisho.

Tulikuwa bado mezani tuliposikia kelele getini. Mwanamke alikuwa analia kwa Kisukuma na Kiswahili pamoja. Mlinzi mmoja akaja kutoa taarifa kwamba wamemkamata mama aliyevuka waya.

"Mwongezeni kwenye kesi," akasema Bwana Gervas, huku anachokonoa meno.

Kelele zikazidi, na hapo nikasikia maneno. "Mmemfunika mtu! Mmemfunika mtu jamani!"

Nikatoka mbio. Mama Kulwa alikuwa ameshikwa mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu, kucha mbili zimeng'oka. Desturi yao ni kwamba mkulima anayemwita mwindaji anampelekea chakula atakapotoka. Alikuwa amekwenda na ugali wake, amekuta mawe. Akajaribu kuyasukuma peke yake, akashindwa, akakimbilia getini kuomba msaada, na getini wakamkamata kwa kosa la kuvuka waya.

"Shikamoo, Bwana Nyama," akasema. Hebu fikirieni, mwanamke mkubwa kuliko mimi, na ananiamkia mimi. "Nakuomba. Yumo. Mkwe wangu yumo ndani. Nani kang'oa tawi?"

Nikawaambia walinzi wamwachie.

"Njama zao hizo," alisema Bwana Gervas akiwa barazani. "Wanataka tufungue wachukue nungunungu. Bwana ofisa, njoo umalize chakula."

Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa, kwa sababu wake zenu nao watasoma. Nikanyakua mtaimbo. Walinzi wawili walinifuata. Wawili walibaki wakimwangalia bosi wao wajue la kufanya. Tulikimbia, Mama Kulwa mbele yetu sote, miaka sitini na vidole vinavyovuja damu.

Jiwe la kushoto, nililoagiza liingie ndani zaidi, ndilo lililokataa kutoka. Tulilisukuma mpaka mlinzi mmoja akatapika. Lilipoachia, hakuna kilichosikika ndani. Mama Kulwa akapiga magoti akaita, "Masunga! Masunga!" Mkwe hamwiti mkwe wake kwa jina, wanaojua mila wanajua, lakini aliita.

Kikaja kikohozi, halafu mkono, halafu kichwa kilichojaa udongo. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Begani alikuwa na miiba minne ya nungunungu, imezama. Tulimvuta kwapani akatoka mwili mzima, uchi kama alivyozaliwa, mbele ya mama mkwe wake.

Mama Kulwa alishageuka. Tulipomshika tu mkwewe, yeye aligeuka akatazama ziwani. Akafungua kitenge cha juu alichojifunga, akakirusha kwa nyuma bila kugeuza shingo. Masunga akajifunika. Masunga alihema, alikohoa, akahema tena, macho kwenye ardhi, na mama mkwe anatazama maji. Nguo zake, zenye karatasi ya kielelezo niliyoiandika kwa mwandiko mzuri, zilikuwa juu ya kiti barazani kwa Bwana Gervas.

Mtadhani kesi iliishia hapo. Wapi! Bwana Gervas alikwenda mjini siku ileile kudai Masunga ashitakiwe kwa kuingia kwenye ardhi ya mtu na kuwinda bila kibali. Mtu tuliyemzika hai alitakiwa ajibu kwa nini alikuwa kaburini.

Mkuu wangu akaniita. Alikuwa na maelezo yaliyokwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi yangu.

"Humu imeandikwa kwamba hapakuwa na alama yoyote mlangoni," akasema. "Mlikuta shimo, mkaliziba. Nguo mlizikuta mbali, vichakani. Hapo hakuna aliyekosea."

"Na Masunga?"

"Atakwenda ndani miezi michache, atatoka. Wewe una watoto shuleni."

Nilichukua karatasi ile nikaenda nayo Nyegezi, kwa Mzee Nkwabi, ambaye alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta anakarabati kiti cha kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulikunywa soda ngapi?"

Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Nikakaa chini, juu ya ardhi, maana hakunionyesha kiti. Nikamsimulia alivyosema mkuu, kisha nikamwuliza tawi lile maana yake nini.

"Tawi lililosimama maana yake mtu yumo," akasema bila kuniangalia. "Akitoka analing'oa mwenyewe. Hakuna mtu mwingine anayeligusa. Mwizi haligusi. Mchawi haligusi. Mtoto anayechunga mbuzi analijua."

"Hukunieleza, mzee."

"Uliniuliza?"

Nikatoa ile karatasi ya mkuu, nikamnyooshea.

"Miaka yote ile, Mhaya. Uliniuliza tembo ana meno mangapi, wakati kwenye mkoa huu tembo wenyewe unawatafuta kwa darubini. Nungunungu wako kila shamba. Uliniuliza?" Akachukua ile karatasi, akaisoma, akanirudishia kwa ncha za vidole kama kitu kinachonuka. "Haya, nenda ukatie sahihi. Wewe una watoto shuleni."

Nilitoka pale nimekasirika naye mno. Hasira ile iliisha nilipofika barabarani, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia zaidi yangu. Karatasi niliichana vipande vidogo.

Mahakamani Masunga alisimama kizimbani anakohoa. Kikohozi kile hakikuwahi kumwacha. Wakili wa Bwana Gervas alikuwa amekuja kusikiliza, ametulia kabisa, maana alijua shahidi wa serikali ni mimi na mimi ni mtu wa kutulizwa. Mwendesha mashitaka akaniuliza nilikuta nini kwenye shimo.

"Nguo zilizokunjwa, makatambuga, na tawi lililosimama," nikasema.

Akatazama karatasi zake, akageuza ukurasa, akatazama tena. "Tawi?"

"Tawi la kuonyesha kwamba mtu yumo ndani. Nililing'oa mimi. Nikawaelekeza walinzi wapange mawe. Mtu huyu hakutoroka, ni mimi niliyeandika uongo kwa kutojua. Na Mama Kulwa alishatoa taarifa ya nungunungu mara mbili ofisini kwetu. Nilizigonga muhuri mwenyewe, ziko kwenye trei yangu."

Hakimu aliacha kuandika. Akaniuliza nina miaka mingapi kazini. Nikamwambia kumi na minne. Akatikisa kichwa, akarudi kuandika, na mpaka leo natamani angenitukana.

Masunga aliachiwa kwa kosa la kuwinda, kwa kuwa aliitwa kulinda mazao na taarifa ilikuwepo. Kwa kuvuka waya alipatikana na hatia, akapewa onyo kali. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kwenye jambo zima lile, aliyeonywa na mahakama ni yeye. Hakuna aliyeshitakiwa kwa mawe. Bwana Gervas aliendelea kualika watu Jumamosi, na baadaye nilisikia amesifiwa kwenye semina fulani kuwa ni rafiki wa mazingira. Mimi nilipata barua ya uhamisho kabla ya mwezi kwisha, nikapelekwa kwenye kisiwa ambacho wanyama waliobaki walikuwa fisi maji na mbuzi wa mwenyekiti. Nilikaa huko miaka sita. Mkuu alisema ni nafasi nzuri ya kupumzika.

Lakini siku ile ya hukumu, baada ya watu kutawanyika, nilikuwa na kazi moja imebaki, kurudisha kielelezo. Masunga alikuwa amekaa kwenye ngazi za mahakama, kavaa nguo za kuazima zilizompwaya. Mama mkwe wake alikaa upande wa pili wa uwanja, kwa heshima yao. Nikampa nguo zake. Akazikung'uta, akatazama vifungo vya shati kimoja kimoja, vyote vilikuwepo.

"Baba Limi," nikasema, "nimekukosea. Nisamehe."

Akakohoa kwanza. "Umesema kweli mle ndani. Nimesikia."

"Kama tungekusikia unapiga kelele siku ile... Shimo lilikuwa refu mno, sivyo?"

"Hapana." Akaikunja suruali magotini pake. "Nilikuwa nimeshageuka, natoka. Nilikuwa karibu, kama hapa na hapo ulipo. Nikasikia vyuma vinagonga mawe. Nikafungua mdomo nipige kelele. Ndipo nikasikia sauti yako; maneno sikuyashika, lakini Kiswahili chako cha Kihaya hakijifichi. Nikajisemea, aa, kumbe Bwana Nyama yupo. Mtu wa serikali. Basi hao watakuwa wanatoa mawe, hawaweki."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nikafunga mdomo."